Siku niliyokataa kupanda lori la harusi yangu pale Kerege, na joto lililokuja kabla ya msimu wake

Wakuu, habari za humu ndani. Walionizidi umri nawaamkia, shikamooni, ingawa kwa miaka yangu themanini na kitu naona salamu hiyo itanirudia mwenyewe. Wengine wote marahaba, hata kama hamjaniamkia.

Ninayoandika yalinipata mimi, sikuhadithiwa. Baadhi ya waliokuwepo wana wajukuu Dunda mpaka leo. Nachapa kwa kidole kimoja, mnivumilie.

Juzi kuna mtu alileta uzi hapa akilalamika kwamba joto mwaka huu limewahi. Mkamcheka. Mmoja akamwambia Pwani joto si habari, kunywa maji ulale.

Sikuipenda ile comment. Joto lililowahi ndilo nusura linivunjie ndoa, na nusura liwamalize wanawake wa ukoo wa mume wangu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo. Kwetu Kerege tulikuwa watu wa mbata. Kwa vijana wasiojua, mbata ni nazi iliyokaushwa. Unaivua kifuu, unaianika, unawauzia wanaokamua mafuta. Mtu wa mbata anaishi kwa kutazama hewa. Hewa ikiwa na maji, mali inaota ukungu na kazi yote imepotea.

Baba yangu, Mzee Kondo, alikuwa na desturi moja. Kila asubuhi anachovya kipande cha kaniki, kile kitambaa cheusi, kwenye mtungi, anakikamua, anakitundika chini ya upenu, kivulini. Kikikauka upesi, watu wanafanya kazi mpaka mchana. Kikiwa bado kinadondosha jua likiwa juu, hakuna kutoka uwanjani kugeuza mbata. Hakutaka mjadala.

Alianza hivyo baada ya kumzika mdogo wake, Ami Athumani, aliyeanguka uwanjani mchana wa hewa nzito na hakuamka. Baba alituambia hivi: kitambaa kisipokauka kivulini, na jasho lako halitakauka mwilini. Na jasho lisipokauka, moto wa mwili hauna pa kutokea.

Siku hizi mnaita humidity, mnaisoma kwenye app. Sisi tulikuwa na kaniki.

Sasa harusi.

Niliposwa na Rajabu, fundi cherehani wa Dunda, kule Bagamoyo mjini. Nilikuwa nimemwona kwa mbali tu, mrefu, anatembea kama anayechelewa. Nikaha ilifungwa asubuhi pale barazani kwetu. Baada ya adhuhuri nipelekwe kwa mume.

Aliyeongoza msafara ni shangazi yake, Bi Zuhura. Mama mkubwa wa umbo na wa neno. Alitaka tuingie Dunda alasiri, wakati mji mzima umekaa vibarazani, waone. Akaazima lori kwa mfanyabiashara mmoja wa kupeleka mizigo Chalinze. Kwa kuwa zamani wanawake wa heshima hawakutembezwa barabarani wakitazamwa, lori likafunikwa turubai juu mpaka chini, likafungwa kamba pande zote. Humo ndani ndimo tuingie sote na ngoma zetu.

Ilikuwa Oktoba. Upepo wa kusi ulikuwa umekwisha na wa kaskazi haujaingia. Siku kadhaa nyuma niliona mbata zilizokauka zinaanza kulegea, na chumvi jikoni inageuka maji. Nilisema wazi kwamba siku ya harusi itakuwa mbaya. Wakasema mwari ana wasiwasi wake.

Asubuhi yenyewe nilimwomba Bi Tatu akanitazamie kitambaa. Bi Tatu ndiye alikuwa somo yangu, yaani mama wa kunifunda na wa kunisemea, maana mwari haongei. Alirudi akasema kinadondosha kama kimetundikwa sasa hivi.

Jua halikuwa likichoma, wakuu. Hilo ndilo lililowadanganya watu. Mbingu ilikuwa nyeupe kama maziwa yaliyotiwa maji, na jani halitikisiki. Mimi nimekaa tu kwenye mkeka, na nguo zimeniganda mwilini kama nimetoka kuogelea.

Bi Zuhura akaingia na wenzake na vigelegele, kunichukua.

Nikamnong'oneza Bi Tatu, "Mwambie sipandi lori lile."

Bi Tatu akadhani naogopa mume. Akaniminya mkono tu.

Basi nikasema mwenyewe. "Shangazi, shikamoo. Mume simkatai. Nakataa kufungiwa ndani ya turubai katika hewa hii. Jua likishuka nitakwenda, hata kwa miguu."

Chumba kizima kikafa ganzi. Mwari kuongea mbele ya wakwe ilikuwa kama kuvua nguo.

Bi Zuhura hakuitikia shikamoo yangu. Akamgeukia Bi Tatu. "Ndivyo mlivyomfunda?" Halafu akasema taratibu, ili kila mtu asikie, "Lori likiondoka bila yeye, baba yake asihangaike kutafuta lori jingine."

Maana yake mmeielewa. Talaka kabla sijafika kwa mume.

Baba akaitwa mlangoni. Nilimtazama kwa pembe ya jicho. Alikuwa amekwisha kuniozesha, hakuwa na kauli tena juu yangu, na wageni wote wanamkodolea macho.

Akasema, "Huyu si wangu tangu asubuhi. Ila angekuwa wangu, asingepanda."

Hapo ndipo nilipomsikia Rajabu kwa mara ya kwanza. Alikuja nje ya dirisha, nyuma ya pazia.

"Ni lori, au ni mimi?" akauliza.

"Ni lori."

Akasema, "Basi na mimi sipandi."

Akaenda kumsihi shangazi yake alifungue turubai angalau upande mmoja. Bi Zuhura akamwambia haonyeshi wake wa watu kama mikungu ya ndizi. Akapanda na wenzake, kamba zikakazwa, wakaondoka wakiimba kwa hasira. Nyimbo zilinihusu mimi, siziandiki hapa.

Nilikaa pale nikiwa na hina mikononi na sijui kama ni mke wa mtu. Nikiri kwamba niliogopa. Nilijiambia, wakifika salama mimi nimekwisha. Na bado niliomba wafike.

Hawakufika. Barabara ya Bagamoyo wakati ule ilikuwa mchanga mtupu, na hapo karibu na kwetu, kabla ya kufika Zinga, pana mahali magari yalikuwa yakizama. Tukasikia injini inalia mahali pamoja. Inalia, inanyamaza, inalia.

Kilichonitisha si injini. Nyimbo zilikuwa zimekoma.

Nikasimama, nikavua buibui, nikachukua khanga zangu za harusi, zote, nikazitosa kwenye mtungi. Bi Tatu akanitazama. Nilingoja anikataze. Akavua ukaya wake, ile shela ya kichwani, naye akautosa.

Baada ya hapo hakuna aliyekumbuka nani mwari nani mgeni. Rajabu alipakia debe la maji kwenye baiskeli akatangulia. Baba akachukua panga na vijana wenye madafu. Wanawake tukapita chini ya minazi, khanga mbichi vichwani, mitungi mabegani, tukienda mwendo wa kawaida. Baba alikataza kukimbia. Alisema anayekimbia hewa hii atakuwa mgonjwa wa pili.

Tulimkuta dereva na utingo wake wanachimba mchanga kwenye matairi, nao wenyewe wanayumba. Ndani ya turubai unasikia mikoromo tu. Wale mama walikuwa wanaogopa kutoka kwa sababu nje kuna wanaume, mpaka nguvu za kutoka zikawaisha.

Baba hakufungua kamba. Alipasua turubai kwa panga kutoka juu hadi chini.

Wakuu, mmewahi kufunua sufuria la pilau uso ukiwa karibu? Hewa iliyotoka ilikuwa hivyo.

Wengine walikuwa wanatapika. Wengine wanalia bila sauti. Bi Zuhura alikuwa amelala chali, ngozi inawaka moto na kavu kabisa, hana hata tone la jasho, anaongea na mama yake aliyekufa zamani.

Nikajua huyo ndiye wa kwanza. Anayetoka jasho bado anapigana. Aliyekauka ameshindwa.

Tukambeba hadi kivulini. Nikamlegeza nguo, nikamfunika khanga zangu zilizolowa, shingoni, kwapani, mapajani. Bi Tatu akampepea kwa ungo, mimi namwagia maji, khanga ikipata moto tunabadilisha. Mtu mmoja akataka kumtia dafu mdomoni, baba akamzuia. Asiyejitambua hanyweshwi, atapaliwa. Wale wenye fahamu tuliwapa madafu yenye chembe ya chumvi, kidogo kidogo.

Tulipepea mpaka mikono ikafa. Niliona midomo yake inaacha kutetemeka. Baadaye jasho likaanza kumtoka kwenye paji la uso. Sijawahi kufurahia jasho la mtu namna ile.

Akafumbua macho, akatutazama, akauliza kwa sauti ya kukwaruza, "Nani kanivua ukaya wangu?"

Tulicheka mpaka tukalia. Hata yule dereva.

Hakufa mtu. Naandika tena ili mlielewe: hakufa hata mmoja. Jua lilipolegea vijana wakalikwamua lori, tukawarudisha Kerege wote, wakalala kwetu, wakwe na mawifi, mikeka imejaa mpaka uani.

Tuliondoka alfajiri. Turubai lilikuwa limechanwa, halifai. Bi Zuhura mwenyewe akasema tutundike khanga pembeni mwa lori, zining'inie, tusitirike na upepo upite. Tukatundika za rangi zote, zangu zikiwa mbele.

Ndivyo tulivyoingia Dunda, asubuhi mbichi, lori linapepea kama limeota mabawa. Watu walitoka majumbani mswaki mdomoni. Mji ule ulikuwa umeshaona harusi nyingi, lakini si ya namna ile.

Bi Zuhura akasimama mbele, kashika chuma cha lori, akatunga hapo hapo:

Mwari wetu alinena, jua likamsikia
Tulopanda kwa kiburi, kaja akatufungua

Akaniinua mkono juu, hina na yote. "Huyu," akawaambia, "mwari wangu huyu. Atakayemsema, anisemee mimi."

Hakuwahi kuniomba radhi kwa maneno, na sikuyahitaji. Tangu siku ile hapakufungwa harusi mtaani kwetu bila yeye kutuma mtu aniulize hewa ikoje. Nikisema jioni, ni jioni. Hata maziko yalingoja wachimbaji wapumzike, na alipojifungua wifi yangu katika mwezi mbaya, mimi ndiye niliyepanga alale upande gani wa nyumba.

Rajabu ametangulia, Mungu amrehemu. Niliwahi kumuuliza kwa nini alibaki siku ile wakati hata sura yangu alikuwa hajaiona vizuri. Akasema mtu aliyeweza kukinyamazisha chumba alimo shangazi yake, aliona heri awe upande wake mapema.

Somo langu ni hili, wakuu. Joto linaloua kwetu Pwani mara nyingi si lile kali la katikati ya msimu. Lile mwili umeshalizoea. Ni hili la mwanzo, la mbingu nyeupe na hewa isiyosogea, mtu bado anaishi kama jana. Jasho likitoka na halikauki, punguza kazi, tafuta upepo. Mtu akiacha kutoka jasho na akaanza kupayuka, msiseme amelewa. Mvueni, mlowesheni, mpepeeni, hospitali mbio. Na mkiona jambo la hatari, semeni, hata kama siku hiyo kazi yenu ni kukaa kimya na kuinamisha macho.

Uwanja ni wenu. Wa Zinga, Kerege, Bagamoyo mjini, hata nyie wa Chalinze, leteni yenu, huko limeingiaje mwaka huu? Wa kukosoa mkosoe, nina muda. Na mwenye harusi wiki hii atuambie hapa msafara wake unatoka saa ngapi.