Kitanda cha Kasimiri

Rosalia alisema mie sina adabu, na kwamba watu wa bara ndivyo tulivyo: tukishamzika mtu tunamsahau kama sufuria tuliyoazima kwa jirani.

"Mara ngapi nikuambie, Mama Jovina? Hapa ndani hakuna Fransis. Umemwita tena, na kwa sauti, pale bombani, watu wote wanasikia. Unataka marehemu ajue kuwa hajapokelewa?"

Nikamjibu kuwa nilimwita kijana aniinulie ndoo, na aliyekuja kuiinua ni Fransis. Marehemu angekuja kuniinulia ndoo, saa hizi ningekuwa nimeshafika Ukonga kwa miguu. Wapangaji wenzetu wakacheka. Rosalia hakucheka. Aliingia chumbani kwake, akafunga mlango, na siku tatu hatukusalimiana, na vyumba vyetu vinatazamana.

Habari za huyo Rosalia ndizo ninazotaka kusimulia. Alikuja Keko kutoka upande wa Masasi mwaka ule wa uhuru, mjane mwenye watoto wawili wa kiume, akimfuata kaka yake Marselino, fundi seremala. Kazi yake ilikuwa msasa. Kiti kilichotoka mikononi mwa Marselino kilikuwa bado na miiba. Kikitoka mikononi mwa Rosalia unaweza kukipitisha shavuni. Alisugua miaka kumi, mpaka ncha za vidole vyake zikawa laini kama kipande cha sabuni kilichokaribia kwisha. Kwa msasa huo aliwanunulia wanawe viatu, madaftari na nauli za kwenda shule za bweni.

Kasimiri ndiye mkubwa. Alimaliza kidato cha sita akafaulu, ikaja barua kutoka Chuo Kikuu kwamba amepewa nafasi, na serikali itamgharamia kila kitu. Mie ndiye niliyeisoma barua ile uani kwa darasa langu la nne, na nilirudishwa mwanzo mara tatu, maana kila aliyepita alitaka kuisikia. Wiki mbili kabla hajaondoka homa ilimpanda. Ilikuwa Jumanne. Ijumaa tukamzika. Chuoni hakuna aliyepeleka habari. Nani angekumbuka?

Sasa, kwa kina Rosalia jina la mtu haliendi naye kaburini. Matanga yakiisha, ndugu mmoja hukalishwa mkekani, mjomba humpaka unga kwenye paji la uso, hulitaja jina la marehemu, na tangu hapo ndiye yeye. Shamba la marehemu atalilima, ahadi zake atazitimiza, na wadogo zake watamwamkia kama walivyomwamkia mwenyewe. Marselino aliifanya kazi hiyo. Fransis alikuwa likizo, ana miaka kumi na minane. Alikaa mkekani Fransis, akainuka Kasimiri. Padre hakuambiwa, na mie sikuulizwa.

Kwa shamba la mihogo sawa, hiyo desturi ina faida zake. Lakini Rosalia alipitiliza. Alimvisha kijana mashati ya kaka yake, na viatu vilivyomzidi hata ikabidi avijaze karatasi. Marehemu alikuwaga mtu wa maharage. Fransis tangu utoto alikuwa hayataki, na sasa aliyala akiangalia ukuta. Ukimwita Kasimiri alivuta pumzi kwanza ndipo aitike, kama anayemwachia mwingine nafasi ya kujibu. Kile kimya kidogo kilinisisimua mwili, nami si mtu wa kusisimkwa ovyo. Mchana mmoja nilimkuta Rosalia amesimama uani na kiganja mdomoni, anamtazama kijana akitembea. Aliniambia kwa kunong'ona kuwa zile si hatua za Fransis. Nikamwambia haziwezi kuwa zake, viatu si vyake. Alinitazama kama niliyetukana kanisani.

Mwezi wa tatu, mwaka sabini na moja, matokeo ya Fransis yakatoka. Alikuja kuniambia mie, kwa sauti ya mtu anayeungama. Nikamuuliza kwa nini asimwambie mama yake. Kumbe alikwishamwambia, na mama yake alimjibu kuwa Kasimiri alifaulu tangu mwaka jana. Fomu ya kuomba nafasi na ufadhili, aliyopewa shuleni, Rosalia aliitupa jikoni. Aombe nafasi ya nini, mtu ambaye nafasi anayo? Barua si ile ndani ya sanduku? Mwenye jina si huyu hapa? Apelekwe Mlimani akamalizie alichokianza.

Msimcheke. Mtu aliyekulia mahali ambapo jina linabeba shamba na heshima na nyumba, atajuaje kuwa kitanda cha Chuo Kikuu hakimo?

Ijumaa jioni, siku ya tatu tangu tugombane bombani, aligonga mlango wangu. Hakuomba radhi, wala sikuitegemea. Alisema Marselino ana madawati ya shule ya kumaliza, yeye hajui kusoma, na makarani wanamtisha, ila mie hawanitishi. "Utakwenda kunisemea," alisema. Nikakubali, si kwa ajili yake. Fransis alikuwa amenidokeza kuwa fomu zinafungwa kesho yake, Jumamosi, saa sita mchana.

Tulifika Mlimani saa tatu asubuhi. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, na majengo yale meupe yalisimama kila moja peke yake kwenye majani, kama watu waliogombana. Walikuwapo wazazi wengine na vijana wao, na msichana mmoja mwanafunzi akawa anatutembeza. Alituonyesha ukumbi wa kulia na maabara zenye harufu ya dawa. Maktaba ilikuwa na mamia ya watu wameinamisha vichwa, hakuna anayekohoa. Rosalia alininong'oneza kuuliza nani amefariki humo ndani. Kila alipopita kwenye kiti alipitisha kiganja kwenye egemeo lake, na viti vingi aliona havikumalizwa. Hilo lilinichekesha. Lililonitoa jasho ni swali alilomuuliza kijana kila tulipokata kona:

"Hapa unapakumbuka?"

Kijana, ambaye hajawahi kukanyaga pale, alijibu, "Bado, mama."

Ofisini tulimkuta karani anaitwa Bwana Gaudens, mtu wa makamo, kalamu tatu mfukoni. Aliwaeleza wazazi bila kuringa. Aliyefaulu vizuri akachaguliwa, serikali inamlipia masomo, kitanda, chakula na fedha ya vitabu; akimaliza, atakwenda kufanya kazi atakakopelekwa, miaka mitano, hata kama ni porini. Baba mmoja aliyevaa tai akauliza kama mtoto wa mfanyakazi wa siku nyingi serikalini anafikiriwa kwanza.

"Hatuulizi wewe mtoto wa nani, mzee," alisema Bwana Gaudens. "Tunauliza umepata nini."

Nilimkanyaga Fransis mguu asikilize. Hakuwa na haja ya kukanyagwa. Macho yalikuwa yamemtoka.

Zamu yetu ilipofika, Rosalia aliiweka ile barua mezani, akainyoosha. Bwana Gaudens aliisoma, akaenda kwenye rafu, akarudi na daftari kubwa la mabweni. Alipitisha kidole chini, akasimama.

"Kasimiri. Yupo, mama. Alifika Julai mwaka jana. Bweni la pili, chumba cha kumi na saba."

Nilishika ukingo wa meza. Mtu tuliyemshusha kaburini kwa kamba, nikiwa nimesimama pale pale udongo ukinirukia miguuni, anasomwa daftarini kuwa yupo. Bwana Gaudens hakuona kitu. Akaendelea kusema kuwa walimu wanalalamika hawajamwona darasani hata siku moja, na kwamba afadhali mama umekuja umseme, ila chakula anachukua.

"Anakula?" Rosalia aliuliza.

"Kila siku, mama."

Alimshika Fransis mkono akatoka naye. Mie niliwafuata nikisema sala nisizozimaliza.

Kwenye mlango wa chumba kile kulikuwa na kadi ndogo yenye majina mawili, yamepigwa taipu. La juu Gaspar. La chini niliambiwa nilisome, nikalisoma, na sauti yangu mwenyewe sikuijua. Kijana mwembamba mwenye miwani akafungua, akatuamkia. Nyuma yake vitanda viwili. Kimoja kimevurugika, vitabu juu yake. Kingine kimetandikwa, shuka imevutwa bila kunjo, mto umejaa, kichwa cha mtu hakijaugusa. Fransis, kwa mazoea ya miezi tisa, akajitambulisha kuwa yeye ni Kasimiri.

Yule Gaspar alirudi hatua moja nyuma.

"Umechelewa," alisema taratibu. "Nilidhani huji tena."

Kisha akaanza kumwaga yote, hatujamuuliza lolote. Siku ya kwanza aliulizwa mwenzake yuko wapi, akasema yuko njiani, akamchukulia kadi ya chakula ili asikose. Mwenzake hakutokea. Yeye alikuwa na njaa aliyotoka nayo kwao, akachukua sahani ya pili. Wiki mbili zikapita, ikawa aibu kusema, na baada ya aibu ikawa hofu. Tangu hapo kila asubuhi alikitandika kitanda cha mtu ambaye yeye alikuwa anamlia chakula chake, na akilala hakipi mgongo.

Rosalia hakuwa akimsikiliza. Alikuwa ameketi kwenye kile kitanda, anaipapasa shuka kama anavyopapasa ubao, na uso wake ulikuwa uso niliouona mara ya mwisho siku ile ya kusoma barua.

"Lala kidogo, mwanangu," alimwambia Fransis. "Kitanda chako hiki."

Kijana alibaki amesimama. Nilidhani atalala. Miezi yote ile tisa hakuwahi kumkatalia mama yake neno.

"Mama," alisema, "nikilala hapa, Fransis atakuwa amekufa lini?"

Kiganja cha Rosalia kikasimama.

"Kasimiri tulimzika Ijumaa, na kaburi lake unalipalilia. La Fransis liko wapi? Nani alimlilia?"

Gaspar alivua miwani, akaivaa tena. Rosalia alimtazama mwanawe kuanzia vile viatu vikubwa, akapanda polepole mpaka usoni, kama anayekagua kazi ya mtu mwingine. Muda ulikuwa unakwenda na nilitaka kumwambia hivyo, nikajizuia.

"Ulipata ngapi?" aliuliza mwishowe.

"B mbili na C moja."

"Zimempita kaka yako?"

Fransis alikitazama kitanda kabla ya kujibu. "Kidogo, mama."

"Na hukuniambia."

"Nilikuambia."

Rosalia alilia hapo, si kwa muda mrefu, wala kwa sauti. Alipoinuka aliinyoosha shuka mahali alipokuwa amekaa. Mlangoni akaniuliza mstari upi ni wa Kasimiri. Nikamwonyesha, akaikunja kadi pale pale, akalichana jina taratibu, akalifunga kwenye pindo la khanga. Na jina la Gaspar akalirudishia pini yake.

Tulirudi ofisini zikiwa zimebaki dakika ishirini kufika saa sita. Nilikuwa nimejiandaa kusema. Rosalia alisema mwenyewe. Alimwambia karani kwamba Kasimiri alifariki mwaka jana mwezi wa sita, kwamba kosa la kutoleta habari ni lake, na kwamba huyu hapa ni mdogo wake, anaitwa Fransis, anaomba fomu yake. Bwana Gaudens alisimama kwanza, akatoa pole, ndipo akaketi akafunua kalamu na kupiga mstari juu ya lile jina daftarini. Mstari ule Rosalia aliutazama mpaka wino ukakauka.

Fransis alijaza fomu. Pakabaki mahali pa mzazi. Rosalia alibonyeza dole gumba kwenye wino, akaligandamiza. Likatoka doa jeusi tu, halina hata mstari mmoja. Mara ya pili vile vile. Karani akamuuliza anafanya kazi gani, akamwambia. Mara ya tatu vilitokea vijistari hafifu, vya kuhesabu.

"Inatosha, mama. Ni wewe," alisema Bwana Gaudens, akapiga muhuri. Fomu hiyo ndiyo iliyomwingiza Fransis chuoni Julai, kwa jina alilobatizwa.

Lakini siku ile tulikuwa hatujatoka. Karani alibaki na daftari mkononi, amekunja uso.

"Sasa kama mwenyewe amefariki," aliuliza, "nani amekuwa akila?"

Gaspar alikuwa amesimama mlangoni; alitufuata bila sisi kujua. Mikono ilimning'inia. Alifungua mdomo, na mie nikaona kabisa mtoto wa watu anakwenda kufungasha sanduku lake, arudi alikotoka kwa sahani ya wali. Rosalia alimtangulia.

"Ni matanga, bwana karani. Sie Keko tulipika, watu wakala, wakatawanyika. Huku alibaki mmoja, hakuambiwa kuwa yamekwisha."

Akamgeukia kijana.

"Ulikuwa unashiba?"

"Nilikuwa nashiba, mama."

"Basi hudaiwi. Kuanzia leo ule sahani yako tu."

Bwana Gaudens alimtazama Rosalia, akanitazama mie, akamtazama yule mwembamba mlangoni. Kisha akalifunga daftari.