Kibibi Amtaja Kombo

Kibibi wa Majengo alikuwa na mdomo wa kumuuzia mahamri hata mtu ametoka harusini ameshiba. Lakini mwaka huo wa themanini na mbili wateja walivuka barabara wakimwona, wameziba pua kama wanapita machinjioni. Binti yake Lela, miaka tisa, alianguka kifafa darasani, povu mdomoni, na mwalimu mkuu Wasike akamrudisha nyumbani.

"Wazazi wanasema povu linaambukiza, Mama Lela. Mimi nifanye nini?"

"Ufanye kazi. Ama uvivu pia uliambukizwa?"

Maneno matamu, lakini Lela alibaki nyumbani.

Ndio wakaja Ndindi na Lusweti, wanafunzi wa udaktari, wanaosomea magonjwa yanayopita kwenye damu ya ukoo. Walitaka kumtetea Lela arudi shule, waonyeshe kifafa chake kimetoka kwenye damu, si kwenye povu. Walibeba karatasi kubwa ya manila, wakachora: mwanamke duara, mwanamume mraba, mwenye kifafa anapakwa wino mweusi. Wiki tatu wakazunguka kwa jamaa za mume na za mke. Sasa nani Majengo atataja mgonjwa wa kwao, na ana mabinti wa kuozesha? Karatasi ikarudi nyeupe pepepe. Aliyepakwa wino ni Lela peke yake.

"Ukoo mzima wazima," Lusweti akasema, meno nje.

"Nyinyi mmesoma mpaka mkapitiliza," Kibibi akamcheka.

Na yeye pia aliwadanganya. Kaka yake Kombo alikuwa anaanguka kifafa tangu utoto mpaka akafa na miaka kumi na tisa. Wakati wa posa wakwe waliambiwa aliuawa na malaria. Na mama mkwe, Bi Batulo, hakuficha: "Siku nikijua ugonjwa umetoka kwenu, hulali tena kwa mwanangu Haidari."

Jumamosi wazazi wa shule wakajaa ukumbi wa Kaloleni kuamua kama Lela arudi. Ndindi akasimama na karatasi yake, akasema kifafa hakiambukizi.

"Wewe una mtoto darasa hilo?" Fundi Andati akamkata. "Huna. Sasa jibu: karatasi yenu inasema ukoo wote hauna. Kama si damu, msichana amekipata wapi? Ameambukizwa! Na ataambukiza wetu!"

Makofi yakatikisa mabati. Ndindi akaangalia karatasi, karatasi ikamwangalia. Wasike akasafisha koo: "Basi tumalize. Mtoto abaki nyumbani."

Kibibi akamwona Bi Batulo mstari wa mbele, miguu ameikunja, ametulia kama mwenye nyumba. Akapanda mbele, akampokonya Lusweti kalamu. Akachora mraba mbovu kando ya duara lake, akaupaka wino mpaka karatasi ikatoboka.

"Huyu ni Kombo, kaka yangu. Kifafa kilimchezea miaka yake yote. Na mimi niliwadanganya hawa watoto wa watu. Nyumbani tulikuwa sita, mkeka mmoja, sahani moja. Povu lake nimelipangusa na mikono hii. Nani mwingine kati yetu aliwahi kuanguka? Hakuna! Na wewe Andati, miaka minane umekunywa chai kwa vikombe vyangu. Umeanguka? Ukianguka ni chang'aa!"

Ukumbi ukacheka, hata mke wa Andati. Bi Batulo hakucheka.

Wasike akajipangusa jasho. "Arudi Jumatatu. Lakini akae nyuma, peke yake."

"Atakaa mbele. Akianguka umwone."

"Haya, mbele."

Nje, Bi Batulo alikuwa anangoja na mwanawe.

"Malaria, eh?"

"Ndiyo, Mama. Tuliwadanganya."

"Haidari, umesikia?"

"Nimesikia," Haidari akasema, anaangalia viatu vyake.

"Viatu havina jibu, bwana," Kibibi akamwambia. "Sema wewe."

Haidari akamfuata mama yake. Kabla ya magharibi, godoro la Kibibi lilikuwa limetupwa nje.

Jumatatu Kibibi alitoka chumba cha kupanga huko Shauri Moyo, mkono wa Lela ameushika. Kwa lango la shule mama mmoja akamvuta mtoto wake kando.

"Mvute taratibu," Kibibi akamwambia, "utamvunja mkono, halafu useme pia ni kifafa."

Akangoja hapo langoni mpaka akamwona Lela amekaa dawati la mbele.