Fundi Mramba na Mnara wa Bia wa Ukunda

Saa nne asubuhi, Ukunda. Baa ya Winrose Nthambi haijafunguliwa, lakini fundi Garama Mramba tayari amesimama juu ya kigoda nyuma ya kaunta. Anamimina barafu iliyopondwa ndani ya bomba la chuma lililosimama wima, kisha anapiga ubavu wa bomba kwa kiganja ili barafu ishuke.

Bomba hilo, nene kama paja la mtu, ndilo mnara wa bia. Mpira mwembamba unatoka kwenye pipa chini ya kaunta, unapanda katikati ya bomba na kuishia kwenye koki ya shaba.

“Bia haigusi chuma hata kidogo,” anasema Mramba, mwenye umri wa miaka 43. “Chuma ni nguo tu. Mwenyewe siinywi, lakini kinywaji kikilala ndani ya bomba kitatoka na ladha ya msumari.”

Kwa miaka mingi alikuwa fundi wa mabomba katika hoteli moja ya Diani. Baada ya machafuko ya mwaka 1997 hapa pwani watalii waliadimika, na hoteli ikafunga milango. Mramba akabaki na vibarua vya kuziba matangi, ambavyo siku njema humpa shilingi mia mbili.

Mwaka jana, 1998, hoteli hiyo ilipouza vyombo vyake, Winrose, mfanyabiashara aliyehamia hapa kutoka Machakos, alinunua koki na mitungi ya gesi ya kusukumia bia. Mnara ulikuwa umekwisha kuchukuliwa na mnunuzi mwingine.

“Nikamwambia, fundi, si uniundie wangu? Bomba ni bomba,” anakumbuka Winrose. “Watu hapa wamechoka na bia ya chupa iliyo moto.”

Nyumbani habari hiyo haikupokelewa vizuri. Mkewe, Beryl, huuza juisi ya ukwaju kando ya barabara ya Msambweni na huimba kwaya kanisani.

“Nilimwuliza, Baba Chome, mikono iliyofunga bomba la kanisa leo inawafungulia watu ulevi?” anasema Beryl. “Akanijibu kwamba watoto hawashibi aibu yangu.”

Mramba alilipata bomba kwenye mabaki ya pampu kuukuu ya maji, akalichomelea kitako, akalisugua kwa msasa hadi likang’aa. Jumamosi ya ufunguzi baa ilijaa. Winrose akafungua koki.

Likatoka povu. Bilauri ya pili, povu. Ya tano, povu.

“Mtu mmoja akapiga kelele, ‘Fundi ametuletea sabuni ya kufulia!’ Wote wakacheka,” anasimulia Mramba. “Niliufungua mnara mbele yao, nikautia begani, nikaenda zangu.”

Wiki hiyo watu waliokuwa wamemwita kutengeneza matangi yao wakatafuta fundi mwingine.

Beryl alimkuta ameketi uani juani, mnara uko mapajani. Mramba alitarajia kuambiwa kwamba Mungu amejibu. Badala yake mkewe aliweka kiganja juu ya chuma, akakiondoa haraka.

“Nikamwuliza, pipa mlilipoza? Akasema ndiyo, kwa barafu,” anasema Beryl. “Nikamwambia, sasa unapoza pipa, halafu kinywaji unakipitisha kwenye jiko? Mimi ndoo yangu ya juisi naizungushia barafu pande zote.”

Kosa lilikuwa hilo. Kaunta iko karibu na dirisha linalopigwa na jua la alasiri. Bomba lilikuwa limepata moto, na bia ikipata joto hugeuka povu. Mramba akatoboa tundu dogo la kutolea maji, akaujaza mnara barafu kuuzunguka mpira.

Winrose alikubali jaribio la pili, safari hii milango ikiwa imefungwa.

“Bilauri ya kwanza ilijaa safi, povu kidole kimoja tu juu,” anasema. “Nikamwambia, fundi, hii sasa ndiyo kitu! Nikatoka nje kuita watu, bilauri bado iko mkononi.”

Siku hizi wateja wa mchana huegemeza mashavu kwenye chuma hicho kabla ya kuagiza. Baa moja ya Msambweni imeagiza mnara wenye koki mbili.

Beryl hajawahi kuingia ndani ya baa hiyo. Barafu hununua yeye, ya juisi na ya mnara kwa pamoja, na kumkabidhi mumewe mlangoni.

Mramba hataki kuzeekea kwenye kaunta. Kwao ni Mackinnon Road, mji mdogo wa barabara kuu, ambako madereva wa malori hushuka midomo imewakauka na kununua maji yaliyoshinda juani. Anataka kufungua kibanda huko, chenye mnara mmoja mkubwa wa juisi na maji baridi. Bomba lake amekwisha kulipata; liko uani, limeshika kutu.

“Kutu ataisugua mwenyewe,” anasema Beryl. “Rangi nitapaka mimi, na jina langu nitaliandika juu.”