Mwenyekiti, Naomba Kukanda

Nimewahi kufukuzwa sehemu nyingi. Lakini kufukuzwa jikoni na mtu niliyejiandikisha kwake nijifunze kupika, tena kwa heshima zote, kwa soda baridi na bakuli la karanga, hilo lilinipata Pearland tu.

Nianze na kilichonipeleka. Mimi nilikuwa naosha vyombo kwenye hoteli moja katikati ya Houston. Si kazi mbaya. Mashine ndiyo inayoosha. Mimi naipakia, naipakua na kuiimbia. Lakini pale kwenye sinki nilikuwa naiona meza ya bwana aliyetengeneza pasta. Kila siku namtazama anavyokanda donge lake, anavyolisukuma na kulikata, mara najiona mimi pale, kofia nyeupe kichwani, wageni wakiuliza kwa mshangao ni nani huyu aliyetengeneza chakula hiki. Nina tabia ya kuota nikiwa macho. Hoteli inaijua tabia hiyo kwa sauti ya sahani zinazoanguka.

Basi yule bwana akapata kazi Dallas, akaaga. Mpishi mkuu, mtu ambaye hata akifurahi uso wake haupati habari, akaja mpaka kwenye sinki.

"Naona unavyotumbua macho," akaniambia. "Jumanne uje unikandie donge moja. Likiwa zuri, meza ni yako. Likiwa baya, urudi kwenye sahani na usinitazame tena."

Nikamwuliza nani atanifundisha. Akasema yeye alifungua jiko, hakufungua shule.

Nyumbani msaada haukuwepo. Tunaishi Sharpstown, mimi na mama. Mama alinizaa Burundi, akanilea kambini Kigoma, akanileta Marekani, na katika nchi zote hizo tatu hajaniruhusu kushika mwiko. Nilipotoa unga wa ngano kabatini, akanipokonya.

"Unatafuta nini jikoni kwangu? Una njaa? Si useme una njaa."

"Nataka kukanda, mama."

"Ukande nini na mimi nipo hai?"

Nikahamia kwenye video za simu. Video zinakuonyesha kila kitu isipokuwa kile nilichokitaka: donge likiwa sawa, mkononi linakuwaje? Hilo simu haiwezi kukuambia hata uibonyeze vipi.

Ndipo dada mmoja wa kanisani kwetu Alief akanitumia tangazo. Darasa la mapishi ya Kiitaliano, watu sita tu, Jumamosi mchana, nyumbani kwa mama mmoja wa Kikenya huko Pearland, mji jirani na Houston, nesi, "aliyesomea mapishi Italia." Baadaye nilikuja kujua kwamba huko Italia alisomea alasiri moja, akiwa likizo na mumewe, na kwamba sehemu ya alasiri hiyo ilikuwa mapumziko. Lakini siku ile nililisoma tangazo kama mgonjwa anavyolisoma jina la daktari. Nikajiandikisha papo hapo.

Nyumba za Pearland zimefanana kama mayai ya trei moja. Niliitambua yetu kwa vibendera vilivyotundikwa mlangoni, vya kijani, vyeupe na vyekundu. Nilipokaribia nikaona katikati ya kila kibendera tai anamla nyoka. Kwenye maduka ya sherehe ya Houston, ukiomba bendera ya rangi hizo utapewa ya Mexico, hakuna atakayekuuliza maswali. Nikanyamaza. Mtu aliyekuja kuomba ujuzi haanzi na bendera.

Mwenye nyumba akafungua mlango amevaa aproni iliyochorwa zabibu. "Bonjorno! Bonjorno!" Akawabusu kina mama walionitangulia, shavu hili na shavu lile. Akafika kwangu, busu likamwishia njiani. Akanipa mkono.

"Karibu, kijana wangu. Umemleta nani? Dada yako yuko wapi?"

"Nimejileta mwenyewe, Anti. Ni mimi niliyejiandikisha."

"Wewe?" Akacheka, akanipiga begani. "Ai, wewe! Haya ingia, ingia. Wanaume wako huku."

Wanaume walikuwa mmoja: mume wake. Alikuwa amekaa sebuleni mbele ya televisheni kubwa kama mlango wa gereji, akitazama mpira kwa macho ya mtu anayesubiri zamu kwa kinyozi. Nikamsalimia shikamoo. Akaipokea kwa furaha kama mtu aliyeokota kitu alichokipoteza zamani. Soda ikaletwa. Karanga zikaletwa. Nikakaa kwenye kochi, daftari jipya mkononi, na jiko likiwa hatua chache tu nyuma yangu, likiniita.

Nilifanya jaribio la kwanza. Nikanyanyuka, nikachungulia jikoni.

"Kijana, unataka maji?" Nikapewa maji.

Jaribio la pili.

"Choo ni mlango wa kushoto." Nikaonyeshwa choo. Sikuwa na haja nacho, lakini kwa adabu nikaingia, nikakaa kidogo, nikatoka.

Jaribio la tatu nikasema wazi kwamba nimekuja kwa ajili ya darasa. Kina mama wakatazamana kwa huruma. Mmoja wao, mfamasia mwenye sauti ya mahubiri, akasema, "Mskizeni maskini. Huyu amesikia harufu. Mpeni kitu ale." Nikarudi sebuleni na sahani ya pilau, chapati mbili na sambusa.

Ndiyo, pilau. Hakuna kati yao aliyeweza kuingia nyumba ya mtu mikono mitupu, kwa hiyo kila mmoja alikuja na hotipoti lake. Kabla yai moja halijapasuliwa, darasa la Kiitaliano lilikuwa na chakula cha kutosha harusi, na hakuna tambi hata moja ndani yake.

Kisha wakaomba. Mfamasia aliomba kwa ajili ya safari zetu, watoto wetu, hospitali zetu, akaombea na nchi ya Italia, uchumi wake na vijana wake. Kisha wakajitambulisha. Nilifikiri utambulisho ni jina na "nimefurahi kuwafahamu." Kumbe ni shahada, na wodi, na mtoto wa kwanza anasoma wapi. Hatimaye nikasikia mayai yanapasuka. Nikachungulia. Mwenye nyumba alikuwa anakanda peke yake, na wanafunzi watano wakimpiga picha.

"Huko Italia," alikuwa akisema, "unga lazima upumzike."

"Upumzike?" mfamasia akauliza. "Umefanya kazi gani?"

Wakacheka hadi wakashikana. Donge likafunikwa kitambaa, wakaketi. Hapo ndipo mmoja akasema jambo ambalo Mkenya lazima aliseme watu watano wakikaa chumba kimoja: kwa nini tusiwe kikundi? Wakaanza kuchagua viongozi. Mwenyekiti, mweka hazina, katibu. Donge likapumzika, likalala, nadhani na kuota likaota.

Mzee akapunguza sauti ya televisheni. "Kwani wewe ulikuja kupika kweli?"

"Kweli kabisa, Mzee." Nikamweleza habari ya Jumanne yote, mpishi mkuu na meza na sinki. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Mimi nilikuwa nikijipikia," akasema. "Nikiwa mwanafunzi kule Fort Worth. Maharagwe yangu watu walikuwa wanatoka mabweni mengine kuyafuata. Tangu nioe, sijui hata chumvi inakaa wapi." Akaelekeza kidole ukutani. Kulikuwa na picha za Italia, zimepangwa vizuri kwenye fremu: mkewe na donge, mkewe na mwalimu wa Kiitaliano, mkewe na sahani. "Unaniona mimi hapo?"

"Sikuoni, Mzee."

"Nilikuwa nashika kamera. Nililipiwa darasa kama yeye, nikashika kamera."

Akala karanga moja, taratibu. Nilimwonea huruma. Nikamwona yeye, nikajiona na mimi, Jumanne, nimesimama mbele ya mpishi mkuu na mikono isiyojua kitu. Nikasema moyoni, kijana, ukimaliza soda hii ukiwa bado kwenye kochi, umekwisha.

Nikaenda mlangoni mwa jiko. Mfamasia alikuwa ndiyo kwanza amechaguliwa mwenyekiti na alikuwa ameshakaa tofauti, mgongo umenyooka. Nikiwa kambini nilikuwa nikienda na mama kwenye mikutano ya kugawa maji, na kitu kimoja nilikiona huko: mtu aliyekalia uenyekiti leo hawezi kukataa hoja ya kwanza. Anaihitaji kuliko mwenye nayo. Nikainua mkono.

"Mwenyekiti, nina hoja."

Mwenye nyumba akafungua mdomo, lakini mwenyekiti akamzuia kwa kiganja. "Subiri, Mama. Mjumbe ana hoja. Taratibu ni taratibu. Sema, mjumbe."

"Mwenyekiti, naomba kukanda."

Kama ningeomba kuolewa na mmoja wao, wasingeshtuka vile.

"Akande? Na mkewe atafanya nini?"

"Sina mke."

"Unaona sasa! Ndiyo maana!"

"Mwanaume akizoea jiko," mwingine akasema, "kesho anakuuliza mafuta yamekwishaje."

Nikawaambia habari ya Jumanne. Sikuipamba. Nikasema nisipolishika lile donge leo nitarudi kuosha sahani walizokulia wengine, na sahani hazina ubaya, lakini mimi natamani siku moja nioshewe yangu. Katibu akaandika.

Mwenyekiti akaita kura. Wawili wakakubali, wawili wakakataa. Mwenye nyumba akasema yeye ni mwalimu, hana upande. Mwenyekiti akasema atahitaji muda wa kutafakari, na nikajua muda huo ungefika Jumatano.

"Mimi nakubali," sauti ikasema nyuma yangu. Mzee alikuwa amesimama, mkono juu, ganda la karanga bado kwenye sharubu.

"Baba nanihii, wewe si mjumbe," mkewe akamwambia.

"Nyumba ni yangu pia."

Hakuinua sauti. Lakini mkewe alimtazama kwa muda kama mtu anayejaribu kukumbuka alimwona wapi.

"Hoja imepita," mwenyekiti akatangaza haraka, asije akanyang'anywa. "Kwa sharti moja. Atanawa."

Sitakaa ninawishwe tena hivyo duniani. Manesi watatu walinisimamia kwenye sinki. Kati ya vidole! Chini ya kucha! Rudia, hujamaliza! Nikatoka pale na mikono ambayo ingeweza kumzalisha mtu.

Nikalivamia donge. Nililipiga, nikalifinya, nikalikunja kama nguo ya kufua, nalo likazidi kuwa gumu kama tairi. Kina mama wakaanza kupiga picha kwa ajili ya wasiokuwepo. Mwenye nyumba alivumilia kidogo, kisha akalia, "Wee! Usilipige, limekukosea nini?" Akaweka mikono yake juu ya yangu. "Hapa, chini ya kiganja. Sukuma. Kunja. Geuza. Sukuma. Usiwe na haraka, halikimbii."

Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kuongea bila kuitaja Italia. Tulisukuma, tukakunja, tukageuza, mpaka akatoa mikono yake, yangu ikaendelea yenyewe. Kisha akanishika kidole gumba, akanibonyezesha. Shimo likaingia, halafu likarudi polepole, kama shavu la mtoto. "Hapo," akasema. "Hapo ndipo liko sawa."

Nililibonyeza tena na tena. Sikutaka kusahau.

Mzee alikuwa ameshakunja mikono ya shati. Hakuna aliyempigia kura. Alichukua tu nusu ya donge. Alisukuma mpaka miwani ikajaa unga, akakata vipande vipana kama mikanda ya suruali, akavitazama kwa fahari isiyo na kiasi. Mkewe akacheka. Kisha akafuta mikono kwenye zabibu za aproni, akachukua simu, akarudi nyuma hatua mbili.

"Angalia huku," akamwambia mumewe. "Inua kidevu." Akampiga picha.

Tulikula saa ngapi sijui. Tulikula pilau. Pasta ilipata kijiko kimoja kimoja, mwenyekiti akainyunyizia pilipili ya kutoka kwenye mkoba wake, akasema inakaribia kuwa chakula.

Jumanne nilikanda. Mpishi mkuu alisimama pembeni, mikono nyuma. Nilipomaliza akabonyeza donge kwa kidole gumba, akangoja. Lile shimo lilichukua muda wake, mimi nikafa kidogo, kisha likarudi. Akaligeuza, akabonyeza upande wa pili, ili kuhakikisha kwamba furaha haina pa kuingilia.

"Sasa sahani zangu nani ataosha?" akauliza kwa hasira.

Nikakimbia nyumbani na habari. Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakafungua milango. Akanikumbatia, akalia, akaniita mpishi, mpishi wangu. Nikamwambia akae, leo mimi nitampikia pasta kwa mikono yangu hii. Nikaelekea kabatini.

Alinifikia kabla sijashika unga. Akanishika mkono, akanirudisha sebuleni, akaniketisha, akaniletea soda.

"Pumzika, mpishi," akasema. "Usichoke. Nakuletea chakula sasa hivi."

Nikainua mkono. "Mama, nina hoja."

"Hoja zako peleka hotelini," akasema, akafunga mlango wa jiko.