Nililichora Ziwa Kabla ya Kuliona

Siku yangu ya kwanza kazini niliizamisha Zanzibar. Sikutumia silaha, nilitumia brashi. Mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi hapa Mpanda mjini aliniambia, "Kijana, ukuta ule nichoree bara. Lote." Basi nikachora. Nilipomaliza nikamwita kwa majivuno.

"Hii ni nini?"

"Bara, Mwalimu."

"Bara gani?"

"Tanzania Bara."

"Mimi nilitaka Bara la Afrika! Halafu hata hiyo Tanzania yako, Unguja na Pemba umezipeleka wapi?"

"Mwalimu, si ulisema bara? Vile ni visiwa."

Alicheka mpaka akakalia ndoo ya chokaa. Kisha akanifundisha tukiwa tumesimama pale ukutani, mimi mwenye kidato cha nne. Neno ni moja, akasema, lakini kazi zake mbili. Bara ni nchi kavu kubwa yenye nchi nyingi ndani yake, kama Afrika. Bara vilevile ni huku kwetu, tukitazamwa na mtu wa kisiwani. Kisiwa kimezungukwa na maji, na nchi ni pale penye mpaka na bendera. "Ukiyachanganya hayo," akasema, "utawapoteza watoto wa watu."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu: fundi wa kuchora ramani kwenye kuta za shule. Nyie vijana mnaotazama ramani kwenye simu hamjui tabu yake. Unapiga miraba midogo kwa penseli juu ya ramani ya kitabuni, halafu miraba mikubwa ukutani. Uzi unaupaka unga wa chaki, unaukaza, unauvuta na kuuachia, unabaki mstari ulionyooka. Kisha unahamisha mraba kwa mraba. Ukikosea mmoja, Kenya inaingia Uganda.

Sitalike nilifanya kazi chini ya mratibu elimu kata, mtu mpole asiyependa haraka. Alitaka kanda: mahali pa mpunga, mahali pa mifugo, mahali pa misitu. Nikachora mistari mikali myeusi kati yake. Akatikisa kichwa. "Fundi, kanda haina askari mpakani. Watu wanafanana kidogo kidogo mpaka hawafanani tena. Changanya rangi zikiwa mbichi." Nikachanganya. Ule ukuta naupenda mpaka leo.

Mishamo, kwenye makazi ya wakimbizi kutoka Burundi, kulikuwa na jambo lingine. Kila niliporudi kutia rangi upya, ramani nzima ilikuwa salama isipokuwa Burundi. Ilikuwa imefutika. Wazazi wakija shuleni walikuwa wanaigusa kwa kidole, wanawaonyesha watoto, "ni hapa," mpaka plasta ikatokeza. Nikamwambia mwalimu mkuu wa pale aweke katazo. Akanitazama kama mimi ndiye mwanafunzi. "Katazo la nini? Wewe piga koti la pili la rangi."

Ningekuwa na akili, ningejifunza siku ile kwamba kuna watu ambao kidole juu ya ramani hakiwatoshi.

Mke wangu, Mama Resti, kwao ni Ikola, ziwani. Kutoka hapa ni safari ya siku moja tu. Mimi sikuwahi kufika. Mahari ilipelekwa na baba mdogo na mshenga, harusi tukafungia Mpanda kwa kaka yake. Mimi ni mtu wa kitanda changu na uji wangu, msinicheke. Shule za ziwani ziliponiita, nilisingizia mvua. Kiangazi nilisingizia vumbi.

"Twende wote," alikuwa akiniambia. "Wewe uchore, mimi nikamwone mama. Jioni nitakuonyesha milima ya Kongo ng'ambo."

"Naijua. Nimeichora mara ngapi?"

"Umechora kijani, Baba Resti. Mimi nasema milima."

Alikuwa akipanda lori peke yake, na akirudi na migebuka mikavu, samaki wa ziwa lao, alinikuta palepale barazani. Siku moja aliuliza, "Mwalimu wako alisema kisiwa ni nini?" Nikamjibu, ni nchi kavu iliyozungukwa na maji. "Basi kisiwa ni wewe," akasema. "Umezungukwa na uvivu pande zote." Tulicheka wote wawili. Mwenzangu alicheka kidogo kuliko mimi, na sikuliona hilo.

Alipougua aliomba kitu kimoja, akifa azikwe kwao, karibu na mama yake. Hapo mvua na vumbi havikunisaidia.

Ndivyo nilivyoliona Ziwa Tanganyika kwa mara ya kwanza, nikiwa nyuma ya jeneza. Miaka yote nililipaka buluu moja ya kopo. Kumbe lina rangi zake, na za asubuhi si zile za mchana. Baada ya mazishi shemeji yangu alinichukua hadi ufukweni. Ng'ambo milima ilikuwa imesimama kama alivyosema. Nikauliza mpaka wa Kongo uko wapi.

Shemeji akanijibu, "Dada alisema siku ukija, swali lako la kwanza litakuwa hilo."

Sasa nimestaafu. Shule zinanunua ramani za plastiki za kutundika, na magoti yangu hayapandi tena ngazi. Wiki iliyopita nilianza kuchora ziwa kwenye ukuta wa nyuma wa nyumba yangu. Nimechanganya rangi zikiwa mbichi, nchi za ng'ambo nimeziachia milima, mpaka sikuweka. Ikola nimeitia doti nyekundu, nikaigusa kwa kidole kabla haijakauka.

Jirani yangu Mama Kulwa, ambaye marehemu alikuwa akimletea migebuka, alikuwa anaanika nguo upande wa pili wa ua. Akatazama ukuta, akanitazama mimi.

"Baba Resti, dunia nzima umeichora, ukweni ukaenda na jeneza. Sasa huo ukuta unamwonyesha nani?"