Kanda ya Kwenda Kano

Ungepita mtaa wa Kandara miaka ile Jidda ilipokuwa ikibomolewa upande huu na kujengwa upande ule, ukauliza nani anaijua Kano, mji wa Wahausa, ungepelekwa moja kwa moja kwa Mwatima. Na Mwatima hajatia mguu Kano hata siku moja.

Alitoka Unguja akiwa msichana, baada ya Mapinduzi, pamoja na mama yake, Bi Mwanakhamis. Wakapanga nyumba ya vyumba vingi hapo Jidda, karibu na kiwanja cha ndege, mahali ambapo ndege ikishuka vikombe hutikisika kabatini. Kila msimu wa Hija vyumba vilijaa wanawake wa Kihausa kutoka Kano. Mwatima aliwapikia, akawafulia, akawapeleka soko la Balad kununua tasbihi na vitambaa. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kusikiliza kuliko kusema, Kihausa kilimwingia bila mwalimu, na Kano yenyewe ikamwingia pamoja nacho. Alijua kule wanakochovya nguo kwenye mashimo ya rangi ya nili. Alijua soko la Kurmi lina vichochoro ambavyo hata wenyeji hupotea. Wafanyabiashara waliokwisha kwenda huko wakimsikia akiisimulia walimuuliza alikaa miaka mingapi.

"Sijafika," hujibu akicheka. "Nangoja kuitwa."

Huko kuitwa hakukuwa mzaha. Mumewe, Haidar, alikuwa dereva wa nyumba ya kafili wake, tajiri aliyemdhamini kazini, mtaa wa Suwaidi, Riyadh, na Jidda alikuja kwa kuibia siku. Alikuwa amechoka.

"Kafili akikohoa, mimi nawasha gari," alizoea kusema. "Madamu akipiga chafya, naligeuza. Halas, Mwatima. Twende Kano. Na kule mafuta yamefumka kama hapa. Watu wana uwezo wa kununua kila kitu chenye harufu ya Makka: miswala, manukato, kanzu. Mimi nitatangulia, nitafute nyumba, kisha nikuite."

Mwatima akampa Kano yote aliyokuwa nayo. Akamwelekeza hata pa kufikia: kwa Hajiya Talatu, mjane mcheshi aliyewahi kulala chumba cha mwisho cha nyumba yao na aliyekuwa na ua mkubwa wa kupangisha. Kisha akatoa sanduku, akaanza kupanga vyake.

Kabla ya safari, Haidar alikuja na redio kaseti mpya, akaiweka juu ya mkeka.

"Kuna mwenzangu kazini, naye anakwenda Kano na mkewe," akasema. "Mtoto wa watu hajui hata salamu. Mzungumzie kwenye kanda, mke wangu. Mweleze kila kitu, kama unamweleza mdogo wako."

"Anaitwa nani?"

"Usitaje majina. Mumewe hajamwambia kafili kwamba hatarudi, na kanda ina miguu."

Bi Mwanakhamis alikuwa pembeni akichagua mchele. "Haya, nyumba yangu imekuwa ubalozi," akasema bila kuinua uso. "Kesho mtaanza kugonga mihuri."

Mwatima akacheka, akajifunika vizuri kama vile kuna mgeni mbele yake, akabonyeza kitufe.

"Mdogo wangu, assalamu alaykum. Ukiteremka uwanjani usikubali mizigo yako ishikwe na watu wengi. Chagua mchukuzi mmoja, umtazame usoni, umfuate yeye tu. Teksi za mjini hupakia watu wa njia moja, basi usishangae gari likisimama na mtu akaingia. Sema bei kabla hujakaa. Na kama safari yenu itaangukia miezi ya baridi, chukua shali zito na mafuta ya nazi. Huja upepo wa jangwani na vumbi jembamba kama unga, jua likawa jeupe kama sahani. Midomo hupasuka ukawa huwezi kucheka, na Kano usipocheka watu watasema una kiburi.

"Zawadi usihangaike nayo. Beba zamzam na tende. Wewe umetoka upande wa Makka, wanawake watakuja kukugusa nguo. Waache wakuguse, usiwacheke. Nao watakupa goro, kokwa chungu hiyo. Ipokee kwa mikono miwili hata kama huitafuni, ummegee na aliye karibu nawe. Ukisalimia mtu mzima, piga goti. Salamu zao ni ndefu: umelalaje, nyumba je, watoto je, uchovu je. Jibu kila moja uzima, hata kama unaumwa. Maradhi utayasema baadaye. Maji ya kunywa yachemshe. Umeme hukatika, weka taa ya mafuta karibu na kitanda. Sokoni usiende peke yako mpaka vichochoro vikuzoee.

"Na hili ndilo kubwa. Usimwite mumeo kwa jina. Wanawake wa kule hawalitaji jina la mume, wala hadharani wala faragha. Ni haya yao. Ukilitaja, wataona umemvua nguo mbele za watu. Sema mai gida, yaani mwenye nyumba. Mimi mwenyewe mahujaji wakiwapo hapa humwita wangu hivyo hivyo, mpaka nimezoea."

Haidar alikuwa amekaa kando yake, anatazama kanda ikizunguka. Hapo akanong'ona, "Mwambie na wewe unakuja. Atafurahi."

"Nami nakuja, mdogo wangu, inshallah," Mwatima akaendelea, na sauti yake ikawa na furaha ambayo hakuipanga. "Nitakukuta huko. Usiogope ugeni. Tutakaa pamoja kama ndugu, ukiugua nitakuuguza, ukizaa nitakubebea mwana."

Haidar akabonyeza kitufe mwenyewe. "Imetosha," akasema. "Imekuwa nzuri sana."

Akaondoka. Kano ikamnyamazisha. Salamu zilikuja kwa midomo ya wasafiri: Haidar mzima, biashara inakwenda, nyumba anatafuta. Mwatima alikuwa akilifungua sanduku na kulifunga. Shali lake lilikuwa juu kabisa, limekunjwa na karafuu ndani yake. Bi Mwanakhamis akimwona humo hutingisha kichwa.

"Nyumba gani hiyo isiyopatikana? Anatafuta nyumba au anatafuta kasri?"

"Mji umejaa, mama. Kila mtu anakwenda huko."

"Kila mtu isipokuwa wewe."

Msimu wa Hija ukarudi, na Hajiya Talatu akarudi nao. Aliingia mlangoni na vicheko vyake na mabuli yake ya maji, akamkumbatia Mwatima, akamshika mashavu, akamtazama kama mtu anayetazama kitu cha ajabu.

"Uwargida!" akasema. "Uwargida wa kweli! Acha nikutazame."

Mwatima alilijua neno. Ndivyo wanavyomwita mke mkubwa, penye wake zaidi ya mmoja. Akadhani ni mzaha wa kizee.

"Uwargida wa nani, Hajiya? Mimi niko peke yangu na mama yangu."

"Tazama haya aliyonayo!" Hajiya akageuka kumtazama Bi Mwanakhamis, kana kwamba anamsifia mtoto wake. Akafungua furushi, akatoa kitambaa kilichochovywa nili, kinang'aa kama mgongo wa samaki. "Hiki kimetoka kwa mwenzio, Wahida. Amekichagua mwenyewe Kurmi. Hakwenda peke yake, kama ulivyomwambia. Yule mtoto umemlea kabla hujamwona! Anapiga goti, anagawa goro, jina la mai gida halijamtoka kinywani hata siku moja. Uani kwangu wanawake wote wameisikiliza kanda yako. Hatukielewi hicho Kiswahili, Wahida hutufasiria. Binti zangu nimewaambia, mkiolewa nyumba yenye mwenzenu, kuweni kama yule mwanamke wa Jidda."

Bi Mwanakhamis hakujua Kihausa. "Anasema nini?" akauliza. "Mbona umekaa hivyo?"

Mwatima akamgeukia Hajiya. "Wahida ni mke wa nani?" akamuuliza Hajiya polepole.

Kicheko cha Hajiya kikapungua. "Wa mai gida wenu."

"Alimwoa wapi?"

"Riyadh, kabla hawajaja. Mwenyewe amenisimulia. Alikuwa amekataa. Alisema hataolewa juu ya mwanamke ambaye hana habari. Kisha mai gida akamletea kanda. Akakusikia unamwita mdogo wako, unasema utamuuguza, utambebea mwana. Akalia, akakubali." Hajiya akasita. "Ana mimba sasa. Amenipa kanda nyingine, tupu, anakuomba umwambie namna ya kujitunza, maana mama yake hayupo. Mwatima? Si ulijua?"

Ndege ikapita juu, vikombe vikalia kabatini. Mwatima aliusikiliza ule mlio mpaka ukaisha. Kitu kilichomchoma si Wahida, wala si mimba. Wanaume wanaoa, angemwambia, wangegombana, wangenuniana, pengine yangepita. Ilimchoma kwamba Haidar alikaa kando yake kwenye mkeka ule, akamfundisha cha kusema, na wema wake akaubeba kwenda kuposea.

Akamweleza mama yake kwa maneno machache. Bi Mwanakhamis akausukuma ungo wa mchele.

"Mwana haramu yule! Alikula chakula changu siku ile ile! Na huyu bibi akirudishe hicho kitambaa—"

"Hajiya hana kosa, mama. Nipe redio."

Akaweka kanda tupu. Hajiya alikuwa amekaa, mkono mdomoni. Mwatima akajifunika vizuri, akabonyeza.

"Wahida, assalamu alaykum. Mimi Mwatima. Siku ile sikukujua. Niliambiwa wewe ni mke wa mtu mwingine, na niliyokwambia nilimwambia mgeni. Ridhaa yangu hukupata kwa sababu sikuombwa. Wewe sikulaumu, tumedanganywa sote kwa kanda moja. Mimba ni yako na haina kosa: usibebe maji, kula vizuri, na siku zikifika mwambie Hajiya Talatu, amezalisha wengi. Mimi sitakuja kukubebea mwana. Sitakuja Kano."

Akavuta pumzi.

"Sasa nasema na mume. Haidar."

Hajiya akashtuka kama aliyemwagiwa maji. Hakuwa akielewa maneno, lakini hilo moja alilielewa.

"Haidar bin Mbarouk. Ninakuita kwa jina lako, wasikie wote waliomo uani. Haidar, umeichukua sauti yangu ukaisemesha nisichokisema. Nataka talaka yangu. Usiniletee kwa midomo ya watu. Itie kwenye kanda, kwa sauti yako, ulitaje jina langu kama ninavyolitaja lako. Haidar."

Akazima. Akaitoa kanda, akamnyooshea Hajiya kwa mikono miwili, kama inavyotolewa goro.

Hajiya hakuipokea mara moja. "Binti yangu," akasema, "kule kanda haisikilizwi na mtu mmoja. Ikifika tu, wote watakuja kukaa mkekani. Watalisikia jina."

"Najua, Hajiya. Ndiyo maana sikunong'ona."

Hajiya Talatu akamtazama sana. Kisha akaichukua, akaifunga kwenye pembe ya kitambaa chake, fundo la kwanza, la pili, akavuta kwa meno likakaza.