Mtungi Mmoja wa Kumkaribisha Dada wa Gishe

Sijui kama mimi ndiye wa kuandika haya. Shule niliishia la sita, na kazi yangu ni kufagia ofisi na kupandisha mafaili gorofani. Lakini nilikuwepo, na furaha ile sitaki inipotee.

Ofisi yetu ya serikali ililetewa ordinateri, yaani kompyuta, na pamoja nazo wafanyakazi wapya. Mmoja wao alikuwa dada wa mtaa wa Kinama, Mutwa, wa kwanza wa kabila lake kukaa kwenye gishe yetu, dirisha la kuhudumia watu.

Kwetu mgeni hakaribishwi kwa hotuba. Ijumaa, kazi ikiisha, tunaweka uani mtungi mmoja wa impeke, pombe ya mtama, na kila mtu anachomeka mrija wake humo. Ukishanywa hapo, umekuwa wa ofisi. Sasa, tangu zamani Batwa hawakushirikishwa mtungi. Walimiminiwa pembeni, kwenye chombo chao. Basi wiki nzima tuliulizana chini chini: huyu dada atapewa mrija?

Ijumaa ikafika. Mzee wa nyaraka, mkubwa wetu kwa umri, akaja na kikombe kipya cha plastiki, akakijaza, akampa dada kwa mikono miwili. Nisimwonee: huenda kwake hiyo ndiyo adabu aliyolelewa nayo. Shefu akaanza kutazama simu yake.

Dada naye akapokea kwa mikono miwili. Akamtazama mzee mdomoni, ambako meno ya mbele yalishahama.

"Baba, hiki kinywe we. Mi ningali na meno ya kubana mrija."

Mzee akamkazia macho, halafu akacheka mpaka akakohoa. Akatoa mrija kwenye fungu, akauchomeka karibu na wake, akasogea kwenye benchi.

"Kaa hapa, binti. Lakini usivute sana, mtungi ni wa wote."

Hakusikia. Mara mtungi ukakaribia kukauka, mirija ikaanza kukoroma, na mzee akamshitaki kwa shefu kwamba huyu si mutu, ni pampu ya maji. Dada akajibu kwamba pampu ni yule asiye na meno ya kumzuia. Kusema haki, walivuta sawasawa, na mimi sikubaki nyuma.

Nikatumwa mtungi wa pili. Niliporudi nao walikuwa bado wanabishana, bega kwa bega. Mzee akataka niuweke upande wake, dada upande wake. Nikauweka katikati, nikatafuta mrija wangu.